Siku 30 za kutoa pingamizi

Mimi ni mtu wa steshenari. Kibanda changu kiko Tanga mjini, karibu na mahakama, na nina kompyuta mbili, mashine ya kopi inayokwama kila ikinyesha, na benchi la wateja. Nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nalaminisha vyeti. Lakini kinachonilisha hasa, nisidanganye, ni misiba ya watu. Arobaini haijaisha, utawaona wanakuja wawili watatu, mmoja kashika daftari la shule lililokunjwa katikati: “Dada, tuchapie muhtasari wa kikao cha ukoo.”

Muhtasari huo ndio unaompendekeza msimamizi wa mirathi, na ukienda Mahakama ya Mwanzo bila huo utarudishwa. Nimechapa mingi mpaka nimejifunza kuusoma. Naangalia nani kaandikwa wa kwanza. Naangalia safu ya “uhusiano na marehemu”, maana hapo ndipo daftari huanza kufutwafutwa. Kuna jina lililoandikwa kwa kalamu nyingine, limebanwa pembeni: huyo ni mtoto wa nje, wamebishana usiku kucha kabla ya kukubali aingie. Kuna bibi kizee aliyeweka dole gumba juu ya neno “dada wa marehemu”, na nikiuliza kama anajua kilichoandikwa, wanaume wananiambia nichape tu.

Basi mwaka juzi, siku isiyo na wateja, nikajiuliza swali ambalo sijui kwa nini sikujiuliza miaka yote hiyo. Kama karatasi za mirathi za wengine zinanionyesha ukoo wao mzima mpaka aibu zao, za kwetu ziko wapi?

Kwetu kuna pengo moja linalojulikana. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliondoka Muheza mwaka 1959 akaenda Mombasa kufanya kazi Kilindini. Siku hizo reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, na kijana wa Muheza kupata kazi Mombasa halikuwa jambo la ajabu. Alioa huko. Alikuwa akija Idd, mara ya mwisho 1975, na barua yake ya mwisho iliingia kuelekea mwisho wa 1976. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ikavunjika, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ulipofunguliwa hakuja mtu, wala kwetu hakwenda mtu. Baba anasema hapakuwa na nauli. Shangazi, kabla hajafa, alisema palikuwa na nauli, ila palikuwa na hofu ya kwenda kukuta msiba. Bibi alikaa akimsubiri mpaka alipofariki, mwaka 1991. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka akisikia gari limesimama barabarani alikuwa anaacha kukuna nazi, anasikiliza kwanza.

Nilianzia nyumbani, na nyumbani hakuna kitu. Mirathi yetu ya Mahakama ya Mwanzo imelala kwenye mafaili masjala, na matangazo yake hutolewa kwenye magazeti ambayo wiki inayofuata yanafungia vitumbua. Wasia ndiyo kabisa. Wazee wetu wengi waliusia kwa mdomo, na sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inautambua wasia wa mdomo ukiwa na mashahidi wanne. Mashahidi hao wakishazikwa wote, wasia umezikwa nao. Kinachopatikana mtandaoni upande wetu ni hukumu za mahakama, kwenye tovuti ya TanzLII, bure kabisa, na humo ni zile mirathi zilizogombewa mpaka Mahakama Kuu. Nikatafuta Muheza, Pangani, Korogwe. Nikakuta majirani! Familia moja niliyokua nikiiona kila siku ikisali pamoja, kumbe ina kesi ya miaka kumi na moja juu ya minazi. Hukumu imetaja wake wote, watoto wote na miaka waliyozaliwa, nani alilelewa na nani, nani alikanwa. Watu waliogawana kwa amani hawamo humo. Ukiwa mtafutaji wa nasaba unajikuta unaomba ukoo wako uwe uligombana, na hiyo ni dua mbaya.

Upande wa Kenya mambo ni tofauti, na hapa ndipo nilipopoteza miezi yangu, nikaipata.

Kenya wana Gazeti la Serikali, Kenya Gazette, linalotoka kila Ijumaa, na ndani yake, mbali na uteuzi wa mawaziri na hatimiliki za ardhi zilizopotea, kuna matangazo ya mirathi. Mtu akiomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu, ombi lake linatangazwa humo: namba ya shauri na mwaka, jina la mwombaji, sanduku lake la posta, yeye ni nani kwa marehemu, jina la marehemu, alikuwa mkazi wa wapi, alifia wapi na tarehe gani. Mwishoni kila tangazo lina maneno yaleyale, kwamba mahakama itatoa hati ya usimamizi isipokuwa mtu ajitokeze kutoa pingamizi ndani ya siku 30. Magazeti hayo, ya tangu enzi za ukoloni, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Yapo Google Books, yapo gazettes.africa, na mengi yapo kwenye tovuti ya Kenya Law. Hulipi kitu, isipokuwa bando.

Nikaandika jina la baba mkubwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna. Nikajiona mjinga, maana niliandika kama sisi tunavyoandika. Huku kwetu mtu ni Athumani, akivuka mpaka wa Horohoro anakuwa Athman au Othman. Saidi anakuwa Said, Hasani anakuwa Hassan, na Muhamadi ana tahajia nyingi kuliko watoto wa mzee mwenye wake wanne. Karani wa Mombasa aliandika alivyosikia au alivyozoea, mwenye jina hayupo kumsahihisha. Nikatengeneza daftari, kila jina na maumbo yake, nikawa nayajaribu mawilimawili wateja wakipungua.

Hapo ndipo nikafanya kosa langu. Nilipata tangazo la Nairobi, jina la kwanza lilelile, la pili lilelile, mwaka unaelekea. Sikungoja. Nikachukua jina la mtoto aliyeomba mirathi, nikamtafuta Facebook, nikamwandikia mama mmoja mwenye jina hilo la ukoo: salamu, mimi ni ndugu yako wa Tanga, nimekuona kwenye mirathi ya marehemu mzee. Alijibu baada ya dakika mbili. “Hiyo shamba tuliuza 1998. Usinitumie message tena.” Akanifungia. Hakuwa ndugu yangu hata kidogo, baadaye niliona marehemu wao alizaliwa upande wa Ziwa. Lakini jibu lile lilinikaa. Mimi namtafuta mtu, yeye kaona shamba. Na ukifikiri, ana haki. Karatasi niliyomsomea haikuandikwa kwa ajili ya watu wakumbukane. Imeandikwa kwa ajili ya mali, na anayeishika anaonekana ana lake.

Nikaacha kwa mwezi mzima. Nikawa napitapita sehemu nyingine kama mtu anayezunguka mtaa wa mchumba aliyemkataa. Uingereza wana orodha ya mirathi inayoanzia mwaka 1858, unaweka jina la ukoo na mwaka wa kifo, kutafuta ni bure, nakala ya wasia ndiyo ya kulipia. Mimi nina nini na Waingereza? Nina kipande cha babu. Babu mzaa baba alikata mkonge, na kipande chake cha kazi, ile karatasi ya siku 30 iliyokuwa ikijazwa siku kwa siku, baba amekihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vya chanjo. Kina sahihi ya bwana meneja inayosomeka. Nikamtafuta meneja. Yumo! Mistari minne: jina lake kamili, shamba la mkonge Tanganyika, mahali alipofia, tarehe, nani kapewa hati, na mali yake kwa pauni. Babu, aliyemkatia mkonge wake, hayumo popote. Nimekaa nikiiangalia mistari ile minne mpaka chai ikapoa. Sikuwa na hasira hasa. Niliona tu kwamba kalamu ya mirathi inamfuata mwenye kitu, na kama baba mkubwa alikufa bila kitu, nitatafuta mpaka nizeeke.

Na kitu kingine nilichojifunza kwa kupitapita: marehemu wa Kenya wenye mali ndogo mara nyingi husimamiwa na Mdhamini wa Umma, ofisi ya serikali, na matangazo yake huja kwa jedwali refu: namba, jina, anwani, tarehe ya kifo, kama aliacha wasia au hakuacha. Anwani nyingine ni za kijijini, lokesheni na wilaya. Ukiwa na ndugu aliyekuwa tarishi, topasi, mpishi, askari, usiyaruke majedwali hayo. Mimi niliyasoma yote ya miaka minne.

Nasema niliyasoma kwa sababu niliacha kuiamini kompyuta. Picha za magazeti ya zamani zinasomwa na mashine, na mashine inaona “rn” inasoma “m”, inaona doa la wino inaweka herufi. Nikaamua kufungua gazeti moja moja, Ijumaa baada ya Ijumaa, kuanzia Novemba 1983 mpaka ulipofunguliwa, na kusoma kurasa za mirathi kwa macho. Mwaka una Ijumaa 52 au 53. Mume wangu akawa ananiuliza usiku, “Umefika mwaka gani?” kama mtu anayeuliza basi limefika wapi.

Nilikuwa mwaka 1987. Mahakama Kuu ya Kenya, Mombasa. Jina la kwanza kwa tahajia ya Mombasa, la pili sawa, na la tatu limekatwa mwisho wa mstari kwa kistari, nusu juu, nusu chini. Hilo la tatu ni lakabu. Babu wa babu yetu alipewa na wanakijiji kwa sababu ya ukimya wake, na nje ya kijiji chetu sijapata kulisikia. Kumbe ndiyo maana mashine haikuliona: ililisoma maneno mawili yasiyo na maana. Mkazi wa Likoni. Alifariki Oktoba 1986. Waombaji ni wawili, mjane wa marehemu na mwana wa marehemu, na chini yao sanduku la posta la Mombasa.

Nilipiga kelele, mteja aliyekuwa anangoja kopi ya kitambulisho akadhani nimerushwa na umeme.

Nataka niseme jambo moja kuhusu mwaka huo, maana nilikuja kulielewa baadaye na bado linanikera. Marehemu alikuwa Mwislamu, na Mwislamu wa Likoni ungetarajia mirathi yake iende kwa kadhi. Lakini Kenya walikuwa na Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 kwa watu wote, dini zote. Waislamu waliipinga kwa miaka, na ni mwaka 1990 ndipo ilipofanyiwa marekebisho wakaachiwa warithishane kwa sheria ya dini yao. Baba mkubwa alikufa katikati ya miaka hiyo tisa. Kwa mirathi ya Kiislamu, mtu akifa ana watoto na mama yake yu hai, mama ana sudusi yake, moja ya sita, haina mjadala. Kwa sheria ile ya Kenya, akiwepo mke na watoto, mama hana fungu. Mimi sidai sudusi ya bibi. Bibi mwenyewe angeipewa angenunua kanga mbili na kilichobaki angekitoa sadaka. Ila kadhi kwa kawaida yake huuliza, wazazi wa marehemu wapo? Kwa kadhi swali hilo haliepukiki, maana hesabu haiendi bila jibu lake.

Sasa, tangazo ni mlango tu. Nyuma ya namba ya shauri kuna faili. Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari, kaolewa Mombasa, anafanya kazi kwa wakili kama karani. Nikamtumia namba na mwaka. Akanicheka, akaniambia mafaili ya miaka hiyo yako stoo, ataandika barua ya kuomba kulisoma, nisubiri, na nikituma hela ya ada nitume na ya soda. Nilisubiri wiki saba. Siku ya Alhamisi jioni simu ikaanza kulia, picha zinaingia moja moja.

Karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kwanza ombi lenyewe, limepigwa taipureta yenye “a” iliyojaa wino. Kisha orodha ya mali, na hii nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyoisoma barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Nyumba bila ardhi, Likoni. Watu wa Mombasa wanaijua hiyo: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mafao ya bandarini. Akiba ya benki ya posta. Cherehani moja. Baiskeli moja. Baba nilipomsomea “baiskeli” aliguna, akasema, “Atakuwa ni ileile,” kisha akakataa kusema ipi.

Kisha kiapo cha waombaji. Sheria ya Kenya, kifungu cha 51, inamtaka anayeomba mirathi isiyo na wasia aandike majina na anwani za wote waliobaki: wake, watoto, wazazi, kaka na dada wa marehemu. Wote, si wale wa nyumba moja. Kwa mtafutaji wa nasaba hakuna kifungu kitamu kuliko hicho, kimefanya kila faili kuwa mti wa ukoo. Mke: jina, na sisi tulikuwa tunalijua nusu. Watoto watano, na umri wao. Wa kwanza miaka 22, ndiye mwombaji wa pili. Wa mwisho msichana, miaka 8.

Hesabu inaonyesha alizaliwa 1978, mwaka mmoja baada ya mpaka kufungwa. Jina lake ni la bibi yetu. Yaani bibi alipata mjukuu wa jina lake na hakujua, miaka 13 hakujua, na mjukuu kule anaitwa jina lile asubuhi na jioni.

Halafu mstari unaofuata.

Wazazi wa marehemu: wote wamefariki. Kaka na dada: hakuna.

Chifu naye kaandika barua yake ya kuthibitisha, ina muhuri, inasema hivyohivyo, marehemu hakuacha wazazi wala ndugu. Rafiki yangu aliipiga picha hiyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mkono ulitikisika, au labda nasema hivyo mimi.

Mwaka 1987 bibi alikuwa hai, analima, anakuna nazi, ana meno yake. Baba alikuwa na miaka 40. Shangazi wawili walikuwepo. Tangazo lilitoa siku 30 kwa yeyote mwenye neno, na sisi ndio hasa tuliokuwa tukiitwa, kwa Kiingereza, kwenye gazeti la nchi nyingine ambalo Muheza halijawahi kufika. Nimelifikia baada ya miaka 37.

Kwa siku chache nilikuwa na hasira na yule mjane. Nilimwona kama wale wanaume wa kwenye benchi langu wanaoniambia nichape tu. Kisha nikakumbuka vikao ninavyochapa. Mtu akiuliza, “Na yule aliyekwenda Kongo?” wanatazamana, mmoja anasema, “Yule si alishakufa?” na mwingine anasema, “Nadhani,” na hapo nadhani inageuka neno la kiapo kabla sijaibonyeza spacebar. Hawamwibii mtu. Wamechoka, na mwenyekiti wa ukoo anataka kuwahi gari. Huyo mama alikuwa na watoto watano, nyumba bila ardhi, na wakwe wasioandika tangu 1976. Angeandika nini?

Nilimsomea baba Jumapili. Nilikwenda Muheza kwa makusudi, mambo haya hayasemwi kwa simu. Alikuwa kibarazani amenyoosha mguu unaomsumbua. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamsomea tangazo, nikamsomea mali, nikamsomea watoto. Kwa jina la msichana alisema, “Rudia.” Nikarudia. Nilipofika mstari wa wazazi nilitaka kuuruka, akaniona.

“Soma, mama.”

Nikasoma. Alikaa kimya kama ukoo ulivyobatizwa. Kisha akasema, “Walidhani.” Akageuza mguu. “Na sisi tulidhani.”

Kuna watakaoniuliza nimewatafuta hao watoto watano au la. Rafiki yangu alikwenda Likoni Jumamosi moja, kavuka kwa feri, kauliza kwa balozi wa nyumba kumi. Wenye kiwanja waliuza, nyumba nyingi za safu ile zimevunjwa. Mzee mmoja aliwakumbuka, akasema wamehamia bara au Kwale, hana hakika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwasikiliza akauliza mara moja, “Kwani kuna mali imetokea?” Rafiki yangu akasema hapana, ni ndugu zao wa Tanzania wanawatafuta. Yule mwanamke akasema, “Ndugu hawatafutani hivihivi,” akafunga dirisha.

Nimemwelewa. Baada ya yule mama wa Facebook sishangai tena. Ndiyo maana, na nawaambia mnaotaka kujaribu njia hii, msianze kwa kumtaja marehemu na mali yake, wala msimpigie mtu simu mkamwambia nimekuona kwenye kesi ya mirathi. Hata kama umeona faili lote, hata kama unajua cherehani ilikwenda kwa nani. Anza na kitu ambacho hakiuziki. Mimi nina picha ya Idd ya 1975, baba mkubwa kasimama chini ya mwembe na suruali pana ya wakati ule, bibi kakaa mbele yake na buibui limeshuka mabegani. Hiyo ndiyo nitakayotanguliza.

Lakini baba ana lake. Sanduku la posta. Tangu nimsomee anauliza, “Lile sanduku bado lipo?” Nikamwambia baba, miaka 37, sanduku litakuwa la mtu mwingine. Akasema mwenye sanduku siku zote anamjua aliyekuwa nalo kabla yake, jambo ambalo sijui kalitoa wapi, lakini kalisema kwa uhakika kama chifu. Basi wiki iliyopita alikuja Tanga kwa daladala, akaingia kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja pamoja na watu wa muhtasari, akasubiri zamu yake. Sikuweza kumshawishi apite mbele.

Akaniamuru nichape. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, “YAH: Mirathi ya marehemu”, mkono umezoea. Akasoma kwenye skrini, akasema ondoa. Nikaondoa. Nikaandika tumepata habari zenu kutoka Mahakama Kuu. Ondoa. Nyumba ya Likoni. “Usitaje nyumba kabisa. Watadhani tumefuata mali.” Tukabaki na salamu, majina yetu, picha ya mwembe niliyoikopi mara mbili kwa sababu ya mashine, na namba yangu ya simu kwa tarakimu kubwa. Nikamuuliza, niandike kwamba bibi amefariki? Watakuwa wanajua, walishaandika wenyewe.

“Andika mama alifariki mwaka 1991,” akasema. “Mwezi wa sita. Uuandike na mwezi.”